Tangi Moja, Ijumaa hadi Ijumaa

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu hulala upande kama watu waliochoka, na pengine nimeandika maneno kwa namna ambayo mwalimu wangu wa darasa la nane angeyazungushia wino mwekundu. Darasa hilo ndilo nililoishia. Ukurasa mmoja hunichukua siku nzima, kwa sababu naandika, nasoma, nafuta, naanza tena. Mahali mtakaposhindwa kusoma, si macho yenu, ni mkono wangu.

Nataka kuandika juu ya gari tulilolala ndani yake, mimi na nyanya yangu na mjomba wangu mdogo, hapa hapa Mji wa Kale, na juu ya maji tuliyoyabana humo. Kwa mdomo sijapata kulisimulia jambo hili. Mbele ya watu maneno hunikimbia. Karatasi hainitazami usoni.

Nyanya ndiye aliyenilea. Nyumba yetu iko katika kichochoro kinachotoka Ndia Kuu, nyumba ya ghorofa, ya mawe na chokaa, na dari zake ni za boriti. Mwaka ule boriti za juu zilikuwa zimeoza kwa mvua, na asubuhi moja kipande cha dari kikaanguka juu ya kitanda ambacho nyanya alikuwa ametoka kukitandika. Fundi akaja, akagonga hapa, akagonga pale, akasema watu watoke, dari yote ishushwe, kazi itachukua mwezi mmoja.

Mjomba mkubwa, mwana wa kwanza wa nyanya, anakaa bara, nje ya kisiwa chetu, ng'ambo ya daraja la Makupa, katika nyumba mpya ya matofali yenye bomba hata jikoni nje. Alikuja siku ile ile na pikapu yake kumchukua mamake. Nyanya akakataa.

"Mama, ni mwezi mmoja tu."

"Mwezi wa fundi una siku ngapi?"

"Basi na iwe miwili. Utakaa na wajukuu zako."

"Wajukuu waje hapa. Mwanangu, mimi nimeona kwa macho yangu. Mtu akivuka Makupa na godoro lake, harudi."

Hakuwa akifanya mzaha. Jirani zetu wa kushoto walihama kwa mwezi mmoja ili nyumba ipakwe chokaa, na leo nyumba yao ni duka la vinyago. Wa nyuma yetu nao vivyo hivyo. Na mjomba mkubwa mwenyewe alikwisha kusema, si mara moja, kwamba nyumba ile ni mzigo na kwamba yuko mtu anayeitaka. Nyanya aliogopa kwamba siku atakayoacha kuiona nyumba yake, siku hiyo ndiyo itakayoanza kwenda kwa wengine.

Mjomba mdogo ndiye aliyeleta shauri. Yeye ni dereva. Analo gari la kuwapeleka wageni mbugani, na kwa kawaida huwangoja karibu na Ngome ya Yesu. Ni lori dogo la zamani ambalo nyuma yake amelijengea chumba: vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, sinki dogo kama bakuli la mchuzi, na chini ya kitanda kimoja tangi la plastiki la lita mia. Msimu ule wageni walikuwa wachache na gari lilikuwa limelala tu. Karibu na kwetu pana kiwanja kitupu ambapo nyumba ilianguka zamani. Gari lilifika pale baada ya kukunja vioo vyote viwili na kuhamisha mkokoteni wa madafu. Ukikaa mlangoni mwake, unauona mlango wetu na kila fundi anayeingia na kutoka.

"Nitalala humu," nyanya akasema.

"Garini?" Mjomba mkubwa aliuliza. "Watu watasema nini? Mama wa fulani analazwa garini kama shehena?"

"Wazungu hutoka kwao mbali wakaja kulala humu, na hufurahi," ndugu yake akamjibu.

"Wazungu hawana majirani."

Walibishana mpaka wakafika kwenye maji. Bomba la mtaa lilikuwa halijatoa kitu kwa wiki kadhaa. Kisima cha uani mafundi walikuwa wamekiziba kwa mbao ili vifusi visiingie. Na maji ya mikokoteni, msimu ule, yalikuwa yamewaumiza watu wengi matumbo.

"Sasa itakuwa ni kuomba ndoo kwa jirani," mjomba mkubwa alisema, na sauti yake ikabadilika. "Mama yangu haombi maji mtaani na mimi ni hai."

Hapo hata mimi nilielewa kuwa ubishi umekwisha. Hilo lilikuwa jambo la heshima yake mbele ya watu.

Nyanya akasema, "Wewe nijazie tangi hili kila Ijumaa kwa maji ya kwako. Nikimwomba mtu hata kopo moja, au tangi likikauka kabla ya Ijumaa nyingine, njoo na pikapu yako. Nitapanda mwenyewe, usinishike mkono."

"Wasema kweli, mama?"

"Nimekwisha kusema."

Maji ya kunywa yalikaa mbali, katika mitungi miwili. Mengine yote, ya kupika, kuosha, kukoga na kutawadha, yalikuwa ni yale ya tangi. Kazi ya kuyatunza nikapewa mimi.

Mjomba mdogo alikuwa ametoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani ubavuni mwa tangi, na maji yalisimama ndani ya mpira kwa kimo kile kile cha ndani. Akachukua kalamu ya wino mzito akachora mistari saba, mmoja kwa kila siku. "Tangi halina ndugu," aliniambia. "Hili halikujui wala halikuonei huruma. Utazame mstari kwanza, ndipo uufungue mfereji." Akatuonyesha jinsi anavyowafundisha wageni kukoga huko mbugani: jimwagie kidogo, funga, jipake sabuni, funga bado, kisha jisuuze.

Nyanya alicheka mpaka akashika ubavu. "Huyu niliyemkogesha mimi kwa kata mbili za maji, leo anifunza kukoga."

Na kweli alituzidi sote. Mchele aliuosha mara mbili tu, na yale maji ya kwanza, meupe kama tui la pili, hakuyamwaga. Ndiyo niliyosugulia masufuria. Sahani tulizipangusa kwanza kwa ganda la ndimu na chumvi, hivyo maji yakawa ni ya kusuuza tu. Nilikoga nimesimama ndani ya karai, makopo manne, na yaliyobaki karaini yalikwenda katika choo cha uani, ambacho mafundi hawakukigusa. Siku moja nilitia kopo la tano kwa sababu ya nywele, na nyanya, aliyekuwa ameketi nje ya pazia, akasema polepole, "Tano hiyo." Sijui alisikiaje.

Kutawadha kwake ndiko kulikonishangaza. Alikuwa akisema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na yeye ni nani hata ahitaji zaidi. Alichukua kikombe chake cha bati, akamimina kiganjani kidogo kidogo, na kila kiungo kikapata haki yake. Akimaliza, chini pamelowa mduara mdogo tu. Nilijaribu mara nyingi. Kwangu miguu ilifikiwa kikombe kikiwa kitupu.

Nayakumbuka mambo madogo ya siku zile kuliko mambo makubwa ya miaka mingine. Harufu ya udi aliouchoma ndani ya gari ili kuua harufu ya dizeli. Mahamri na mbaazi tulizokula juu ya ngazi ya gari, tukipakata sahani. Chokaa ikishuka kutoka nyumbani kwetu na kutua juu ya buibui lake, naye akiipangusa huku akimpigia fundi kelele: "Wee, boriti hiyo umeipima au umeiota?" Nyumbani yeye alikuwa juu na mimi chini, tukionana wakati wa kula. Garini mjomba mdogo alilala mbele, kwenye viti vya dereva, na sisi wawili nyuma tulikuwa karibu hata nikijigeuza, kitanda chake kinalia. Alinisimulia juu ya utoto wake, juu ya wachota maji waliopita na madebe mawili kwenye mti wa begani, na jinsi mamake alivyomtambua kila mmoja kwa mlio wa nyayo. Alinisimulia na sikulazimika kujibu. Nafikiri ndiyo sababu nilikuwa na raha.

Ijumaa ya kwanza mjomba mkubwa alikuja baada ya sala, bado amevaa kanzu. Akainama, akautazama mpira. Maji yalikuwa yamesimama kidole kimoja na nusu juu ya sakafu ya tangi.

"Mmeomba kwa watu?"

"Muulize mtoto, huyo hajui kusema uongo. Hajui kusema kabisa."

Nilitikisa kichwa. Mjomba akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akajaza tangi kwa mitungi aliyoibeba mwenyewe mmoja mmoja, na kanzu ikamlowa.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu ni mzito.

Jumatano ya wiki ya pili, baada ya alasiri, wanawake sita wa mtaani walikuja kumpa nyanya pole ya nyumba. Walikuja na sinia la biriani na sahani ya kachumbari, kwa sababu walisema hawawezi kuamini kwamba mtu anaweza kupika ndani ya gari. Tulitandika mkeka kiwanjani, kivulini kwa gari. Wakaanza utani kabla hata hawajakaa.

"Alaa, bibi harusi kahamia fungate garini."

"Na dereva ni nani, tumjue?"

"Dereva nimemzaa mimi," nyanya akasema. "Kama mna mwingine, mleteni, lakini awe na leseni."

"Na huyu mjukuu mbona hasemi? Kaacha ulimi wake nyumbani, chini ya vifusi?"

"Huyu husema kwa mikono. Ngojeni awanawishe."

Ikawa zamu yangu. Kwetu, mwenye kunawisha hainui birika mpaka mgeni aiondoe mikono yake mwenyewe. Kuinua kabla ni kama kumwambia yatosha, hapa si kwenu. Nyanya alinifunza hivyo nikiwa na miaka sita, kwa kunigonga kiwiko kila nilipokosea. Na mgeni mwenye adabu naye hana haraka ya kuiondoa mikono, asije akadhaniwa kuwa ameyaona maji ya mwenyeji ni machache. Basi kila mmoja humngoja mwenzake. Kwenye nyumba yenye kisima jambo hilo halina madhara, na mtu halioni.

Mgeni wa kwanza, mama mmoja mnene mwenye duka la vitambaa, aliinyosha mikono juu ya beseni na wakati huo huo akaanza kisa cha harusi ya mpwa wake. Nilimimina. Bwana harusi akachelewa. Nilimimina. Ikajulikana kuwa amekwama Makupa nyuma ya lori lililopinduka na vitunguu. Wenzake wakacheka, naye akacheka, akaisugua mikono polepole kama mtu anayetia hina, na birika likawa jepesi mkononi mwangu. Nilitaka kusema kitu. Sikujua kitu chenyewe ni kipi. Nikaenda kulijaza tena, nikarudi kwa wa pili.

Wote sita walinawa hivyo. Beseni lilipojaa nilikwenda kulimwaga ukutani, kwa sababu niliona haya kuweka maji machafu ndooni mbele ya wageni, kana kwamba tuna shida. Walipomaliza kula wakanawa tena, na safari hii kwa sabuni, kwa kuwa biriani ina samli. Kisha mmoja akasema wakitoka hapa wanapitia kwenye hitima, kisomo cha marehemu wa mtaa wa pili, ni heri waende wana udhu.

"Nitilie maji, mwanangu, nitawadhe hapa hapa."

"Na mimi baada yake."

Nilipoingia garini kujaza birika niliutazama mpira. Asubuhi maji yalikuwa juu ya mstari wa tatu kutoka chini. Sasa yalikuwa chini ya wa kwanza. Nilitoka, nikasimama mbele ya nyanya na birika. Aliniona usoni, na najua alielewa, kwa sababu aliutazama mlango wa gari, kisha mlango wa nyumba yetu, na macho yake yakakaa pale.

"Wamiminie wageni vizuri," alisema. "Mkono usitetemeke."

Nikawamiminia. Yule wa mwisho alikuwa akiosha mguu wa kushoto nilipoyasikia maji ya mwisho yakipiga chini ya birika. Aliniombea mume mwema, wakaenda zao.

Nyanya alifungua mfereji wa sinki. Ulikohoa, ukatoa kijiko kimoja, ukanyamaza.

"Nyanya, nisamehe." Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu alasiri.

"Ulitaka uinue birika?"

"Ningeinua."

"Ungeinua ningekugonga kiwiko mbele yao."

"Basi ungewaambia wewe."

"Nimwambie mgeni kuwa maji yangu yana mistari?" Akaketi juu ya ngazi, akavua miwani, akaifuta kwa leso yake kwa muda mrefu. Mjomba mdogo aliporudi na kuambiwa, alisema ataleta mitungi miwili kutoka kwa rafiki yake, tangi litapata kitu, hakuna atakayejua. Nyanya alimwambia ale biriani, imebaki.

Kuna jambo ambalo sikumwambia nyanya wala mtu yeyote. Alhamisi asubuhi nilichukua mtungi mtupu nikaenda kwa yule mama wa duka la vitambaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: shikamoo, tumeishiwa maji, tafadhali nipe mtungi mmoja na usimwambie mtu. Ni maneno machache. Alifungua mlango kabla sijabisha, alikuwa akitoka.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyanya hajambo?"

"Hajambo."

"Wataka nini asubuhi hii?"

Mtungi nilikuwa nimeuficha nyuma ya buibui langu. "Nimekuja kukuamkia tu," nilisema.

Alifurahi sana. Alinipa kaimati tatu kwenye karatasi, akasema watoto wenye heshima kama mimi wamekwisha. Nilirudi na mtungi mtupu na kaimati. Mpaka leo sijui kama ningeweza kumdanganya nyanya kwa mtungi mmoja. Angalau ningalijaribu.

Ijumaa mjomba mkubwa alikuja na mitungi yake imejaa, imepangwa nyuma ya pikapu. Aliinama, akautazama mpira. Akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole na likalia kama ngoma.

"Lilikauka lini?"

"Jumatano," nyanya akasema.

"Mlifanya nini?"

"Nilipata wageni sita. Walinawa, wakala, wakanawa, wakatawadha."

Nilitegemea mjomba acheke, au aseme nilikwambia. Alisema, "Mama, si ungewaambia tu."

"Ungekuwa wewe, ungewaambia?"

Mjomba aliinamisha macho. Ndipo nilipoona jinsi wanavyofanana, hata ile namna ya kutazama chini. Kisha akaenda kwenye pikapu, akateremsha mtungi wa kwanza. "Nalijaza," alisema. "Wageni ni wageni. Tuanze upya leo."

"Weka chini mtungi, mwanangu."

"Mama, mimi mwenyewe nimesamehe."

"Wewe umesamehe. Mimi nimekwisha kusema."

Alikuwa amekwisha kufunga nguo zake katika leso mbili, tangu alfajiri, na mimi sikuwa nimeona. Alipanda pikapu bila kushikwa mkono, kama alivyoahidi. Godoro lake mjomba mkubwa alilifunga nyuma kwa kamba, kati ya mitungi iliyojaa. Fundi mmoja aliyekuwa juu ya ukuta wetu aliacha kugonga, akatoa salamu. Nyanya akamwambia aipime ile boriti tena.

Mwezi wa fundi uligeuka kuwa miezi saba. Nyumba ilipokuwa tayari, magoti ya nyanya hayakuwa tena ya kupanda ngazi zetu, maana ngazi za mawe ni za watu wenye magoti. Hajarudi kulala hapa hata siku moja. Kwa hiyo alilolihofia lilitokea, ila nusu tu: nyumba haijauzwa. Tangu Ijumaa ile mjomba mkubwa hajamtaja tena yule mtu anayeitaka, na kila mwaka kabla ya mvua huja mwenyewe kutazama boriti. Ninakaa hapa na mjomba mdogo. Nyanya huletwa akiwa na nafasi, huketi chini karibu na mlango, huuliza nani amepita.

Nikienda kwake kule bara, wageni huinuka wakaenda kwenye sinki lililo pembeni ya ukumbi. Kila mtu hufungua, hunawa, hufunga. Hakuna anayemngoja mwenzake. Ni vizuri, na maji hayapotei. Lakini mara nyingine namwona nyanya amenyosha mikono kidogo mbele yake, juu ya mapaja, anaongea na mtu, hajui kama ameinyosha.

Wiki zile mbili tulikuwa na maji machache kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na sijapata kuwa karibu na mtu namna ile tena. Nimeandika ili mtu mwingine ajue.

Sasa nawaomba mniandikie. Nani kwenu huamua kuwa maji yametosha, anayemimina au anayenawa? Pengine iko nyumba ambapo watu wamepata njia ya kulisema bila mtu kuona haya, nami ningependa kuijua. Na kama anayesoma ni mmoja wa wale wageni sita, usiwe na uchungu. Hukukosa. Niandikie wewe kwanza, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu, unieleze kile kisa cha harusi kiliishaje, maana nilikuwa nautazama mkono wangu na mwisho wake sikuusikia.